Nyembe Mpya Nilizozikataa

Newala, Jumapili, alasiri

Mwanangu Zainabu,

Niwie radhi kwa kimya changu. Si kimya cha mtu aliye mbali, maana tumekula sahani moja muda wote huu. Ni kimya kibaya zaidi ya hicho. Tangu uliporudi na karatasi ya majibu ya damu, mwezi wa Machi, nimekuwa nikikujibu kwa neno moja moja, kama mtu anayejaza fomu. "Shikamoo, baba." "Marahaba." "Umekula, baba?" "Nimekula." Miezi minne. Ulimwuliza shangazi yako wa Mkunya kama ninaona haya kuishi na mtoto mwenye virusi vya homa ya ini. Yeye akaja akaniuliza mimi, nami nikamjibu kwamba chai yake inapoa. Sasa nataka kulijibu swali hilo, na kwa kuwa mdomo umenishinda, nimechukua kalamu.

Umekwenda kumuaga huyo shangazi yako, kwa hiyo nyumba ni tupu mpaka magharibi. Kesho asubuhi utapanda basi la Dar es Salaam. Sitakuandikia habari za kufunga mlango kwa komeo, wala za kuchemsha maji, wala za kutompa mtu simu yako ashike. Hayo unayajua, na mengine ulinifundisha wewe. Nakuandikia habari moja, ambayo unaijua nusu. Nusu iliyobaki nimekaa nayo kwa miaka kumi na tisa.

Unajua kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Hujui jinsi nilivyokuwa nikiringia sifa hiyo. Nilipokuwa mwalimu, kila ulipofika mtihani wa darasa la saba, walimu wakuu wa shule za jirani waliomba niwasimamie watoto wao. Nilikuwa nikivua viatu mlangoni na kutembea kwa soksi, ili mtahiniwa asijue nimefika nyuma yake. Nilijua jicho la mtoto aliyeficha majibu chini ya kanga, na la mtoto aliyeandika kwenye paja. Watu wakasema, "Mwalimu huyu hadanganyiki." Maneno hayo yaliniharibu. Mtu akiambiwa mara nyingi kwamba hadanganyiki, huanza kuona udanganyifu hata mahali ambapo pana mtu anayemtakia heri tu.

Katika miezi hii minne nilikivunja kimya changu mara mbili. Mara ya kwanza ni siku ilipofika barua ya maabara ya Dar es Salaam. Ilisema watakufundisha kazi kwa miaka miwili, katika kikundi kinachochunguza protini inayojenga ganda la kirusi cha homa ya ini. Niliisoma mara nne, kisha nikaigeuza.

"Nyuma hakuna kitu, baba."

"Hilo ndilo linalonitia wasiwasi."

Ukakaa kwenye kigoda, ukangoja. Nikakuuliza kama watu hao wanakutaka kwa sababu ya akili yako au kwa sababu ya damu yako.

"Na kama ni vyote viwili?"

"Umewaambia kwamba una virusi?"

"Nimewaambia mwenyewe, kabla hawajaniuliza."

"Wakasemaje?"

"Wakasema karibu."

"Hata mwenye duka husema karibu."

Ulicheka, na mimi nilijizuia nisicheke. Kisha nikakuagiza unieleze ganda hilo ni kitu gani hata watu wazima wasomi wakae miaka wakilichungulia. Ulichukua korosho moja ghafi kwenye kiroba, ukaniambia, "Kama hili, baba. Linalinda kilichomo ndani."

"Mfano mbovu," nilikwambia. "Ganda la korosho hukua pamoja na punje yake. Barua inasema ganda hili hujengwa."

"Baba, ukiingia wewe kwenye maabara ile, watu wataacha kazi."

Lakini niliona umefurahi. Ulichana gazeti kuukuu, ukakunja vipande vidogo, ukavipachika viwili viwili. Ukasema kila kipande ni protini ile ile moja, isiyo na mwenzake wa aina nyingine, na kwamba hushikana kwanza kwa jozi, kisha jozi na jozi, mpaka jozi mia moja na ishirini zifunge duara kama mpira. Ulipofika jozi ya kumi na mbili gazeti lilikuwa limekwisha.

"Nani anazipanga?" nilikuuliza.

"Hakuna. Hujipanga zenyewe."

"Hakuna kitu kinachojipanga chenyewe. Nimefundisha darasa la saba kwa miaka thelathini."

Ukanieleza taratibu. Kirusi kinaingia ndani ya seli ya ini, na ganda lake linaibeba ile habari yake ya urithi mpaka kwenye kiini cha seli, kama mtu anayemsindikiza mgeni mpaka mlangoni. Ndani ya kiini habari ile hujifunga ikawa duara, ikakaa. Kutoka kwenye duara hilo maagizo hutoka nje, na seli ya watu, bila kujua inamtumikia nani, hutengeneza vipande vya ganda jipya. Vipande vinajifunga kulizunguka agizo moja pamoja na kitu cha kulinakili. Unakili wenyewe hufanyika humo ndani, ganda likiwa limefungwa.

Hapo nikaelewa. "Basi ni mtahiniwa," nilisema. "Anajifunika kanga, ananakili humo humo, msimamizi anapita hamwoni."

Ulipiga makofi, ukasema mfano huo utaupeleka Dar es Salaam. Kisha ukaniambia jambo ambalo halijaniacha mpaka leo. Ganda likishamaliza kazi lina njia mbili. Moja ni kuvaa koti la nje na kutoka, likatafute ini jingine, au mtu mwingine. Njia ya pili ni kugeuka na kurudi kwenye kiini kile kile lilikotokea, likaongeze akiba ya yale maduara. Ndiyo maana, ulisema, dawa zilizopo zinamsaidia sana mgonjwa, kwa kuwa zinauzuia ule unakili, lakini ni vigumu kuvimaliza virusi kabisa. Akiba imekaa kimya ndani, haifikiwi. Kikundi chenu kinatafuta namna ya kuliharibu ganda lenyewe, lijifunge likiwa tupu, au lisijifunge vizuri.

Nikaviinamia vile vipande vya gazeti. Ukadhani nimechoka, ukaniletea maji. Sikuwa nimechoka. Nilikuwa nimeijua sura ya kitu kile. Shaka niliyokuwa nayo miaka kumi na tisa iliyopita ilifanya hivyo hivyo: nyingine ilitoka ikaumiza watu, nyingine ikarudi ndani ikajiongeza, na mimi nikaendelea kuilisha nikidhani ni akili yangu inayofanya kazi.

Mama yako alianza kuvimba tumbo ukiwa na miaka sita. Macho yakawa ya njano. Nilimpeleka hospitali, wakamtoa damu, na kesho yake wakamtoa tena. Muuguzi mmoja, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, akaniambia, "Mwalimu, siku mkirudi, mlete na mtoto. Na wewe pia tukupime." Hakufafanua, na mimi sikumwuliza. Nilijiuliza mwenyewe, na nikajijibu mwenyewe: mgonjwa ni mmoja, kwa nini wanataka damu ya watu watatu? Siku ya tatu nilimtoa mama yako wodini, nikarudi naye nyumbani. Leo najua kwamba mwanamke yule alikuwa ananionyesha mlango wa kupona.

Nyumbani nikaanza kumtafuta mwenye kosa, na sikumtafuta mbali. Unajua mikorosho ya Mkunya ilitoka kwa bibi yako mzaa mama, na unajua kwamba kwetu sisi Wamakonde mjomba ana kauli juu ya watoto wa dada yake na juu ya mali ya ukoo wao. Mjomba wako Hamisi, kaka wa pekee wa mama yako, alikuwa akija kutoka Lisekese kupogoa mikorosho ile bila kunipigia hodi. Hakuwa na sababu ya kunipigia hodi. Ilikuwa ya kwao. Lakini mimi nilikuwa mwalimu, mwenye mshahara na mwenye nyumba ya bati, na iliniuma kwamba mtoto niliyemzaa ana mtu mwingine wa kumwamulia. Dada yake alipougua, nikasema moyoni: anataka mikorosho, na anamtaka mtoto.

Nikamleta fundi, mganga wa kienyeji. Sikumleta kwa ujinga; nilikuwa nimesoma, nilikuwa nikiandika ubaoni habari za vijidudu. Nilimleta kwa sababu hospitali haikunitajia mtu wa kumlaumu, na nilijua yeye atanitajia. Akasema maradhi yametoka kwa mtu wa karibu, na kwamba wote wa damu ile, na mimi mume wa mgonjwa, wachanjwe chale na kupakwa dawa, mgonjwa akitangulia. Kisha akaongeza neno nililokuwa nikilingoja: atakayekataa, ndiye.

Nikatuma salamu Lisekese. Nilikuwa na hakika Hamisi hatakuja.

Alikuja. Alipanda lori la mizigo, amempakata binti yake Rehema, aliyekuwa na miaka miwili. Alivaa kanzu yake ya Ijumaa. Alimsalimu mama yako, akakaa kidogo karibu yake, kisha akanijia uani, ambako majirani walikuwa wamekwisha kujaa.

"Shemeji, umesema tuje wote wa damu. Damu niliyo nayo ni hii," akasema, akimwonyesha Rehema. Akatia mkono mfukoni, akatoa pakiti ya nyembe mpya, haijafunguliwa. "Si wewe uliyewafundisha watoto wetu kila mtu na wembe wake? Nimenunua kumi, zisipungue."

Zainabu, nilikuwa nimeyaandika maneno hayo ubaoni kwa mkono wangu. Kila mtu na wembe wake. Niliwaimbisha watoto. Lakini nilipoiona pakiti ile mkononi mwa Hamisi, sikuona nyembe. Niliona mtu aliyekuja amejiandaa. Nilijiuliza kwa nini anunue yeye, na zimepakwa nini, na kwa nini amesisitiza kwamba hazijafunguliwa. Nikaichukua nikaigeuza huku na huku, nikakagua gundi ya karatasi kwenye kona zote nne.

"Mwalimu," Hamisi akasema, "hata nyembe unazisahihisha? Basi mwiteni mtoto amletee wino mwekundu."

Watu walicheka. Mama yako alicheka pia, kwenye mkeka wake, akishika tumbo kwa sababu kucheka kulimuuma. Sikumsikia akicheka tena baada ya siku ile. Na mimi, badala ya kuona kwamba mke wangu amepata kicheko, niliona nimeaibishwa nyumbani kwangu. Nikaenda chooni nikaitumbukiza pakiti ile shimoni, nikarudi nikamwambia fundi atumie wembe wake.

Alikuwa nao mmoja.

Nikawapanga mstari. Naandika neno hili ulijue: niliwapanga mimi, kama wanafunzi wa asubuhi. Mama yako kwanza. Wewe wa pili, na ulilia. Rehema alilia kwa kuwa wewe umelia. Zamu yake ilipofika Hamisi akasita, akamvuta mtoto nyuma.

"Shemeji, nakuomba. Mimi nichanjwe kwa wembe huo. Mtoto tumtafutie mwingine, dukani si mbali."

"Unaogopa nini?" nilimwuliza, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

Akamtazama dada yake, na mama yako akasema kwa udhaifu, "Kaka, tumalize." Hamisi akaunyoosha mkono wa Rehema mwenyewe, akaushika usitetemeke; kisha akachanjwa yeye, na mimi nikawa wa mwisho. Mtu yule aliuweka mkono wa mwanawe chini ya wembe ili nisimwite mchawi. Na nilimwita hivyo hivyo. Mama yako alipofariki, miezi miwili baadaye, Hamisi alifika kumteremsha dada yake kaburini, kama ilivyo haki ya kaka. Nilisimama ukingoni nikamwambia aondoke, sitaki mikono yake imguse. Aliwakabidhi vijana jembe alilokuwa ameshika, akaondoka kwa miguu. Hajakanyaga kwangu tangu siku hiyo, nami sijakanyaga kwake.

Sasa turudi mwezi wa Machi. Ulipoleta majibu yako, nilikwambia nakwenda Masasi kufuatilia pensheni. Ulikuwa uongo. Nilikwenda kupimwa. Daktari, kijana ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu, aliniambia damu yangu ina alama kwamba virusi viliwahi kuingia, na mwili ukavishinda. Akanipa hongera! Nikamwuliza kama wembe unaweza kuvipitisha. Akasema unaweza. Nikamwuliza kama vilikupata kwa wembe ule. Akasema hakuna anayeweza kujua. Huenda ulivipata kwa mama yako siku ulipozaliwa, huenda ulikuwa navyo kabla ya fundi kufika. Nikamwuliza tena, kwa namna nyingine. Nikamwuliza mara ya tatu. Akaacha kalamu yake, akasema, "Mzee, unataka nikwambie nini?"

Nilitaka aniambie ni mimi, au aniambie si mimi. Hakunipa lolote kati ya hayo, na ndiyo maana sikuweza kusema nawe. Kila nilipokutazama usoni nilifanya hesabu. Alinieleza pia kwamba mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili wake huvitoa; mtoto mdogo, mara nyingi hauwezi. Basi mstari ule nilioupanga mimi ulinipitisha mimi salama, pengine na Hamisi salama, ukawabakiza watoto wawili. Mmoja ni wewe.

Hilo ndilo jibu la swali ulilomwuliza shangazi yako. Sikuwahi kukuonea haya, hata siku moja. Aliyetiwa haya ni mimi.

Mara ya pili nilipokivunja kimya ni Jumatano iliyopita, nawe unaikumbuka vibaya, kwa haki. Ulikuwa umeiacha simu mezani ukaenda kuanua nguo. Ikalia. Nikaichukua. Mzee wa miaka sitini na minane, anasoma ujumbe wa binti yake akiwa amesimama nyuma ya pazia. Ilikuwa imeandikwa: "Dada, mwezi wa saba huu, tumbo haliniruhusu hata kuinama. Usimwambie baba yako bado." Na jina la Rehema juu yake. Nikausoma tena kwa hasira. Nilijua mnawasiliana kwa siri, na mara moja nikajua, au nilidhani najua, kwamba wananipangia jambo. Ulipoingia na nguo begani nilikuonyesha simu, nikauliza, "Tangu lini?"

Hukupiga kelele. Ningependa ungepiga kelele.

"Tangu niko sekondari," ulisema. "Baba, Rehema alichanjwa siku ile. Alikuwa nyuma yangu. Hajapimwa, na mimba ninayo habari yake tangu juzi tu. Mtoto akizaliwa na mama mwenye virusi, anaweza kukingwa, lakini madaktari wajue kabla hajazaliwa, wasijue baadaye."

"Basi mwambie."

"Nitamwambia nini? Kwamba nimeota? Atauliza nimejuaje, na Mjomba atauliza. Aliyekataa zile nyembe si mimi."

Nikakuuliza umezijuaje nyembe. Ukasema ulikuwa na miaka sita, hukuwa kipofu. Kisha ukanipa muda. "Ukiweza kwenda wewe, nenda, maana ni haki yao wasikie kutoka kwako. Usipokwenda, nikifika Dar nampigia Rehema, namweleza yote." Ukachukua nguo zako ukaenda kuzikunja.

Siku nne hizi nimetafuta sababu za kutokwenda, na mwanangu, nimezipata nyingi, zote zimeandikwa vizuri. Nilisema pengine Rehema amepimwa kliniki. Nilisema Hamisi atanitangaza msikitini. Nilishuku hata kwamba umeandika ujumbe ule wewe mwenyewe ili kunisukuma, na nikatafuta ndani yake makosa yako ya koma. Unaona jinsi kitu hiki kinavyofanya kazi? Bado kimo, nami sitakudanganya kwamba kimekwisha. Jana jioni nilikaa nikajiuliza kama kutaka kwangu kwenda Lisekese ni kwa ajili ya Rehema, au ni kwa ajili yangu nilale vizuri. Sikupata jibu. Nimeamua kwenda bila jibu hilo.

Kesho utaniona nimevaa koti na kushika mkoba, utadhani nakusindikiza mpaka stendi. Nimekata tiketi ya basi lako hilo hilo, mpaka Masasi. Tutakaa pamoja mpaka pale, nami sitazungumza haya mbele ya abiria. Nikishuka nitakupa barua hii, kisha nitachukua bodaboda mpaka Lisekese.

Jambo linaloniogopesha si hasira ya Hamisi. Anayo haki nayo. Ninaogopa kwamba hataniamini. Jiweke mahali pake. Mtu aliyekuita mchawi, aliyekufukuza kwenye kaburi la dada yako, anatokea mlangoni baada ya miaka kumi na tisa, anakwambia umpeleke binti yako mjamzito akatolewe damu. Ningekuwa Hamisi ningeuliza: anataka nini? Kwa nini sasa? Amepanga na nani? Ningemkagua kona zote nne. Na ningekataa, Zainabu. Kwa hakika ningekataa, na ningejisifu kwamba sidanganyiki, na mtoto angezaliwa bila kinga.

Kwa hiyo nimefikiri nitamwambia nini, na nimefuta mengi. Sitamweleza habari za ganda na kiini. Hizo utamweleza wewe siku moja, na gazeti. Nitamwonyesha karatasi yangu ya majibu yenye jina langu. Kwa ruhusa yako, ambayo nitakuomba kesho sikioni kabla basi halijafika Masasi, nitamwambia na habari yako. Nitamwambia nyembe zake zilikuwa safi na mimi nilizitupa. Nitayasema hayo akiwepo mtu mwingine, mkewe au jirani, kwa kuwa nilimtukana mbele ya watu. Na akisema tukapimwe wote upya mbele yake, nitanyoosha mkono wa kwanza.

Lakini usiniachie mimi peke yangu jambo hili. Ukishaisoma barua hii, mpigie Rehema. Usingoje kufika Dar, wala usingoje nikuruhusu. Zamani ningeona umenizunguka. Safari hii nakuomba unizunguke. Wewe anakuamini, na neno langu katika nyumba ile halina thamani mpaka walipime wenyewe.

Kuhusu wewe, nina maneno machache. Daktari amesema ini lako ni zima, na kwamba urudi kupimwa kila baada ya miezi sita. Sitakuuliza kama umekwenda, utaniambia ukitaka. Huko maabara watu watakuonyesha mambo na kukuambia yaamini. Uliza. Geuza karatasi uangalie nyuma. Sikukufundisha vibaya katika hilo. Kosa langu halikuwa kushuku. Kosa langu ni kwamba nilikuwa na shaka mbili, moja juu ya hospitali na moja juu ya mjomba wako, na zote mbili zingeweza kupimwa kwa tone la damu siku ile ile. Muuguzi aliniambia nimlete mtoto. Niliogopa kipimo, nikaipenda shaka, kwa sababu shaka ilikuwa upande wangu. Ukiona siku moja shaka yako inakubembeleza, inakusifu, inakuonyesha jinsi ulivyo mwerevu kuliko wenzako, ipeleke haraka mahali ambako inaweza kushindwa.

Ukungu umeanza kushuka barabarani, na nasikia pikipiki inapunguza mwendo. Huenda ni wewe. Nitakunja karatasi hizi niziweke kwenye koti.

Mimi nimekwisha kuamua, lakini uamuzi wangu ndio mdogo. Mkubwa ni wa Hamisi: kunifungulia au kutonifungulia, na kumpeleka Rehema hospitali au kumficha nisimwone. Nitakaa Lisekese hata kama ni kwenye baraza la jirani, mpaka aseme. Akishaamua, vyovyote atakavyoamua, nitakuandikia siku hiyo hiyo.

Baba yako